Aanze na Gari Lipi Anayejifunza Udereva?



Wiki tatu zilizopita alifariki mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Dodoma, na familia yake ikaamua azikwe kwao Kondoa. Akaoshwa, akakafiniwa, na mara baada ya Adhuhuri tukamswalia. Gari la jeneza la msikiti, Hiace kuukuu ya gia za mkono, lilikuwa kivulini, lina mafuta ya kutosha. Kilichokosekana ni dereva. Mzee wetu anayeliendesha miaka yote alikuwa amelazwa hospitali.

Nikasimama mbele ya safu nikauliza ni nani mwenye leseni. Ikainuliwa mikono tisa. Nikauliza ni nani kati yao awezaye gari la klachi. Ikabaki miwili. Mmoja alikuwa na zamu kazini saa nane. Wa pili alijaribu. Gari likarukaruka na kuzima mara tatu kabla ya kufika langoni, wafiwa wakitazama. Tuliondoka saa kumi kasoro, baada ya kumpata dereva wa lori kutoka Majengo, na tukazika baada ya Magharibi kwa mwanga wa tochi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kuliharakisha jeneza. Sisi tulilichelewesha kwa sababu ya pedali moja.

Tangu siku hiyo nimelitazama upya swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: “Ustadh, namlipia kijana mafunzo ya udereva. Aanze na otomatiki au na manyuali?” Zamani nilikuwa najibu haraka kwamba aanze na lolote lililopo.

Kwa asiyeendesha, tofauti yenyewe ni hii. Gari la gia za mkono lina pedali tatu, na ya kushoto ni klachi, inayotenganisha injini na giaboksi ili dereva abadilishe gia kwa mkono wake. La otomatiki lina pedali mbili, na gari lenyewe huchagua gia. Ukiweka D linakwenda, ukiweka R linarudi nyuma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji wetu ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, barabara zimejaa Vitz, IST, Passo na Noah zilizotumika Japani, na nyingi mno kati ya hizo ni otomatiki. Anayeishi Kisasa na kufanya kazi Mtumba anaweza kumaliza mwaka mzima bila kugusa klachi.

Wanaoitetea otomatiki wana hoja nzito kuliko tunavyowapa sifa. Siku za mwanzo mwanafunzi hushikwa na hofu, na akili yenye hofu haibebi mambo mengi kwa pamoja. Anapoingia mzunguko wa barabara inampasa amwone mwenye bodaboda anayejipenyeza kushoto, mwenda kwa miguu anayevuka, na daladala iliyosimama ghafla. Ukimwongezea klachi na gia, macho yake yatashuka miguuni. Akina mama wa darasa letu la Jumapili wameniambia hivyo waziwazi, na siwezi kuwapinga. Mama anayetaka kuwapeleka watoto shule na kurejea nyumbani kwa salama, otomatiki inamtosha. Wanaume wanaowacheka kwamba “dereva wa otomatiki si dereva” waache kejeli hiyo. Vijana saba walioteremsha mikono msikitini wote walikuwa wanaume.

Lakini uzito wa njia mbili hizi haulingani. Aliyejifunza kwa gia za mkono huizoea otomatiki kwa siku moja au mbili, isipokuwa achunge mguu wa kushoto, kwani huitafuta klachi isiyokuwepo ukaikanyaga breki kwa nguvu. Aliyeanza na otomatiki, kuijua klachi kwake ni kujifunza upya, hasa kuondoka kwenye mwinuko bila kurudi nyuma, jambo ambalo mitaani huitwa kubalansi. Uingereza wamelikata shauri hili kwa sheria: anayefanya mtihani kwa otomatiki hupewa leseni ya otomatiki peke yake, na akitaka nyingine hurudi kwenye mtihani.

Kuna na suala la miteremko. Mji wetu uko tambarare, ila ukielekea Iringa kwa njia ya Mtera utakutana na Nyang'oro, na ukienda Nzega kupitia Singida utakutana na Sekenke. Mwenye gia za mkono amefundishwa kushuka kwa gia nzito ili injini ilizuie gari. Wa otomatiki wengi huacha D na kukanyaga breki mteremko mzima mpaka zipate moto na kulegea. Na gari lake lina L au 2 kwa kazi hiyohiyo! Hapo sitalilaumu gari. Namlaumu mwalimu aliyemfundisha herufi mbili akaziacha zilizobaki.

Wanazuoni wametufundisha kuwa kuna fardhi ayn, inayomlazimu kila mmoja, na fardhi kifaya, ambayo wakiitekeleza wachache wengine husalimika, na wasipopatikana hao wachache lawama huwa ya wote. Imamu Ghazali katika Ihyaa Ulumiddin alihesabu utabibu, hesabu, hata ukulima na ufumaji, miongoni mwa elimu za kifaya. Sitoi fatwa juu ya klachi, Allah anisamehe. Ila mazishi ya Muislamu ni fardhi kifaya bila shaka, na adhuhuri ile tulikuwa tisa wenye leseni, lakini jeneza halikuondoka.

Kwa hiyo sasa namuuliza mzazi kwanza: kijana wako anautaka usukani kwa ajili gani? Ikiwa anatafuta rizki, aanze na gia za mkono bila mjadala, kwa kuwa Fuso, Canter, Coaster na Land Cruiser nyingi za kazi bado zina klachi. Ikiwa ni kwa safari zake za mjini, aanze na otomatiki, aimalize vizuri pamoja na hizo L na 2. Na kila msikiti uwe na watu wake watatu au wanne wa gia za mkono.

Mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza tuiuze Hiace, tununue gari la otomatiki, tumalize tatizo. Si hoja dhaifu. Ila mimi ndiye ninayeandika daftari la sanduku, na kilichomo hakifiki hata robo ya bei.

Tumeafikiana kwamba kila Jumamosi baada ya Alfajiri Hiace itatoka kwenda uwanja wa wazi upande wa Nala, ikiwa na alama ya L mbele na nyuma. Mzee wetu ameruhusiwa hospitali na amekubali kufundisha, kwa sharti kwamba Jumamosi ya kwanza injini haitawashwa. Watakaa wazoeshe mguu na mkono tu. Wa kwanza kuandikisha jina ni yule ambaye gari lilimzimikia langoni. Wa pili ni binti wa marehemu. Zimebaki nafasi mbili, na anayezitaka alete leseni ya kujifunzia kabla ya Alhamisi.

Wabillahi tawfiq.