Tamko Kuhusu Kuhamishwa kwa Programu-jalizi za Premiere kutoka CEP kwenda UXP

Sisi, wahariri wa video na watengenezaji wa programu-jalizi tulioungana katika chama hiki, tunatoa tamko hili kwa kampuni ya Adobe, kwa watengenezaji wenzetu, kwa wamiliki wa studio na vituo vya televisheni, na kwa kila mhariri anayeitegemea Premiere kwa riziki yake.

Jambo lenyewe

Paneli nyingi tunazozitumia ndani ya Premiere kupanga klipu, kuingiza manukuu au kupakia kazi kwenye seva zimejengwa juu ya jukwaa la CEP. Paneli ya namna hiyo ni kivinjari kidogo kinachoendeshwa pembeni ya Premiere na kula kumbukumbu yake chenyewe. Ikitaka kugusa mradi, humtuma tarishi: amri huandikwa kama maandishi, hupelekwa kwa ExtendScript, lugha ya hati ya Adobe, na jibu nalo hurudi kama maandishi. ExtendScript yenyewe imejengwa juu ya kiwango cha JavaScript cha mwaka 1999.

UXP, jukwaa ambalo paneli hizi zinahamia na ambalo Photoshop ililipokea mwaka 2020, linamwondoa tarishi huyo. Paneli huzungumza na Premiere moja kwa moja kwa JavaScript ya kisasa. Mabadiliko mengi huweza kufungwa katika muamala mmoja, hivyo mhariri aliyebadili majina ya klipu mia moja anaweza kuyatendua yote kwa mkupuo. Aidha, paneli hulazimika kutaja mapema tovuti itakazowasiliana nazo na kiwango cha ruhusa inachohitaji kwenye faili. Kwa wanaohariri picha za wateja ambazo bado hazijatangazwa, hiyo ni kinga ya maana.

Ifahamike pia kwamba kuhama huku kunahusu paneli. Madoido ya picha yaliyoandikwa kwa C++ yana njia yake tofauti na hayaguswi. Asitokee mfanyabiashara wa kumtisha mhariri anunue upya kila alichonacho.

Msimamo wetu

Tunaunga mkono kuhamia UXP. Tunachokipinga ni mhariri kuachiwa peke yake gharama za safari ambayo hakuipanga.

Gharama hizo si ndogo. UXP si kivinjari kamili: inakubali sehemu tu ya HTML na CSS, na Node.js, zana ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, haimo. Paneli iliyokuwa ikitumia Node.js kuendesha programu nyingine kwenye kompyuta, kwa mfano kugeuza video kwa ffmpeg, haihami kwa kunakili msimbo. Sehemu hiyo huhitaji kufikiriwa upya, pengine kwa kuongeza kipande cha C++ au programu saidizi. Kampuni kubwa italimudu hilo. Mtengenezaji anayefanya kazi peke yake na kugawa paneli yake bure anaweza kuiacha ife kimyakimya, na watumiaji wake wakagundua siku wanayotakiwa kukabidhi kazi.

Fani yetu imeshapita njia hii. Mwaka 2010, Premiere Pro CS5 na After Effects CS5 zilihamia biti 64, na programu-jalizi za biti 32 zikabaki nje hadi zilipotengenezwa upya. Mwaka 2011, Final Cut Pro X ilitoka ikiwa haiwezi kufungua miradi ya Final Cut Pro 7. Teknolojia mpya ilikuwa na sababu zake mara zote mbili; kilichowaumiza wahariri ni kukosa muda na taarifa.

Tunayoyataka

1. Adobe isiiondoe CEP katika Premiere kabla kazi muhimu zilizowezekana kwa ExtendScript hazijapata njia katika UXP, na tarehe ya kuiondoa itangazwe mapema, bila utata.

2. Kila mtengenezaji aseme waziwazi kama paneli yake itahama, lini, na ni vipengele gani vitapotea. Asiyekusudia kuihamisha naye aseme.

3. Aliyenunua leseni ya kudumu asitozwe tena kwa paneli ileile iliyobadilishwa jukwaa tu. Vipengele vipya kweli vinaweza kuwa na bei yake.

4. Wasioendelea na paneli zao za bure waachie msimbo wake hadharani, ili wengine waweze kuupokea.

5. Studio na vituo vitenge fedha na muda wa kuhama, pamoja na mafunzo, badala ya kumwachia mhariri ayafanye usiku baada ya kazi.

Wito kwa wahariri

Usisasishe Premiere katikati ya mradi. Andika orodha ya paneli unazozitumia kila wiki, kisha waulize watengenezaji wake. Weka kisakinishi cha toleo la zamani pamoja na nakala za miradi yako. Jaribu paneli mpya kwenye nakala ya mradi, kamwe si kwenye mradi wenyewe. Ukikuta kasoro, mwandikie mtengenezaji ukieleza toleo la Premiere, mfumo wa kompyuta na hatua zilizoleta tatizo. Lawama tupu haimsaidii kurekebisha.

Kwa upande wetu, chama kitakusanya taarifa za wanachama kuhusu paneli zilizohama na zilizokwama, na kitaziwasilisha kwa wahusika. Mtengenezaji atakayetimiza haya tutamtangaza kwa wanachama wetu. Atakayekaa kimya, tutawashauri wanachama watafute zana nyingine mapema.

Imetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.