Mtoto wa Mbwa Hafunzwi kwa Fimbo

Katika kaya za wafugaji wilayani Maswa, mbwa hulala nje karibu na zizi, na haja yake huimaliza vichakani. Tatizo huanza pale mtoto wa mbwa, hasa wa mbegu ndogo, anapolelewa ndani ya nyumba mjini. Akichafua sakafu, wengi humchapa au humsugua pua katika uchafu wake. Desturi hiyo yafaa iachwe.

Kibofu chake ni kidogo. Akiwa na umri wa miezi 2 hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Aidha, adhabu ikichelewa, mnyama haihusishi na kosa, bali hujifunza kumwogopa bwana wake. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa huunganisha mambo yanayofuatana kwa karibu. Basi, kila aamkapo na kila amalizapo kula, apelekwe mahali pale pale, na akijisaidia apongezwe papo hapo.

Jambo hili si anasa. Kinyesi cha watoto wa mbwa aghalabu huwa na mayai ya mnyoo uitwao Toxocara canis. Mayai hayo yakikomaa udongoni kwa majuma kadhaa, huweza kumwambukiza mtoto achezaye uani, hata kumdhuru jicho. Mbwa aliyezoea mahali pamoja humrahisishia mwenye nyumba kukizoa kinyesi siku ile ile na kukitupa chooni. Dawa ya minyoo nayo itafutwe mapema kwa mganga wa mifugo.