Madaftari ya Kariobangi: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi

Kwa Mheshimiwa Gavana, na kwa Mawaziri wa Kaunti wanaosimamia makazi, ardhi na mipango ya jiji.

Kila serikali inapopima mtaa wa Eastlands kwa nia ya kuujenga upya, kupanua barabara au kuwaondoa watu, huhesabu majengo, ploti, mabomba na nguzo za umeme, na huviacha nje ya hesabu hiyo vikundi ambavyo wakazi wameviunda na kuvitunza kwa takribani miaka 60, ilhali vikundi hivyo hubeba kazi ambazo hakuna idara ya serikali inayozibeba. Barua hii inahusu Kariobangi, na inaomba kwamba vikundi vya mtaa huo viandikwe na kutambuliwa kabla ya mradi wowote kuanza, na kwamba pale uhamisho usipoepukika, wanakikundi wahamishwe pamoja.

Kariobangi yenyewe ilizaliwa kutokana na uhamisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Baraza la Jiji la Nairobi lilitenga eneo hilo, ambalo wakati ule lilikuwa pembezoni kabisa mwa jiji, ili kuwapa makazi watu walioondolewa katika vitongoji visivyo rasmi vilivyokuwa karibu na katikati ya mji. Utaratibu uliotumika ni ule wa ploti na huduma, ambapo mamlaka hupima viwanja, huvuta maji na kutandaza mabomba ya majitaka, kisha humwachia mwenye kiwanja ajijengee kwa uwezo wake. Matokeo yake yalikuwa nyumba za vyumba vilivyouzunguka ua mmoja, mwenye ploti akiishi katika chumba kimoja au viwili na kuvipangisha vilivyobaki, huku wote wakitumia bomba moja na choo kimoja, wakigawana zamu za kufagia na kupatana juu ya kamba za kuanikia nguo. Katikati ya miaka ya 1970 utaratibu huohuo ulitumika kwa upana zaidi katika mtaa jirani wa Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na viwanja vipatavyo 6,000. Leo maghorofa yamechukua nafasi ya nyingi kati ya nyumba zile za Kariobangi, lakini desturi zilizoanzia uani hazikubomolewa pamoja na kuta. Zilipanda ngazi na kuendelea katika korido na kwenye paa, ambako kamba za nguo ziko hadi sasa.

Yapo maandishi yanayoonyesha jinsi jamii hiyo ilivyokuwa ikifanya kazi tangu awali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia wa Marekani, Thomas Weisner, alifanya utafiti kwa kuwafuata wanaume wa Kiluhya waliokuwa wakiishi Kariobangi pamoja na wenzao waliobaki Kisa, eneo ambalo sasa liko Khwisero katika Kaunti ya Kakamega. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hao hawakuwa watu wa mjini kwa upande mmoja na watu wa mashambani kwa upande wa pili. Walikuwa familia moja yenye nyumba mbili, ambamo watoto, mama, chakula, karo na maamuzi vilisafiri kwenda na kurudi kwa kufuata majira ya kilimo na mihula ya shule. Maoni haya yanastahili kurudishwa mezani kwa wapangaji wa jiji, kwa kuwa mipango mingi bado humchukulia mkazi wa mtaa kama mtu aliyekatika na kwao, anayeweza kuchukuliwa kutoka chumba hiki na kuwekwa katika chumba kile bila kingine chochote kubadilika. Mkazi wa Kariobangi anaishi ndani ya mpango wa watu wengi, na mpango huo una katibu na mweka hazina.

Mahali pa kuuona mpango huo ukifanya kazi ni matanga, yaani kipindi cha kuanzia kutangazwa kwa kifo hadi kurejea kutoka mazishini. Jioni ya kwanza viti hukodishwa, hema husimamishwa mahali popote palipo wazi, na kabla ya maombi kwisha kamati huwa imekwisha kuchaguliwa. Jioni zinazofuata bajeti husomwa kwa sauti mbele ya wote: gharama za mochari, jeneza, kibali cha mazishi, basi, mafuta, chakula cha njiani na cha nyumbani. Mweka hazina hukaa mezani na daftari lenye mistari iliyochorwa kwa rula, safu moja ya majina, moja ya ahadi na moja ya kilicholipwa, na ingawa siku hizi fedha nyingi huingia kwa simu, kila mchango huandikwa tena kwa mkono na kutajwa hadharani, hata ukiwa wa shilingi 50. Wachangaji si jamaa peke yao. Katika orodha utamkuta mwenye ploti, mama mboga wa kona, fundi wa kuchomelea kutoka Kariobangi Light Industries, kocha wa timu ya watoto, na mpangaji aliyehamia mwezi uliopita ambaye bado hajamfahamu vizuri marehemu. Basi huondoka jioni kwenda Kakamega, Siaya, Murang'a au Kitui, na baada ya mazishi hesabu husomwa tena, na kinachobaki hukabidhiwa wafiwa.

Huduma hii ni bima, ni benki, ni uchukuzi na ni ushauri nasaha kwa wakati mmoja, na haionekani katika bajeti yoyote ya Kaunti. Inategemea vitu viwili ambavyo mradi wa ujenzi huviharibu kwa urahisi mno, navyo ni watu wanaojuana kwa muda wa kutosha kuaminiana fedha, na mahali pa wazi pa kukutania. Mtaa unapogeuzwa kuwa majengo marefu yenye maegesho ya magari na lango lenye mlinzi, bila ukumbi wala uwanja, hema la matanga hukosa mahali pa kusimama, na kwa kuwa hakuna aliyepiga marufuku matanga, hakuna anayelazimika kujibu yalikopotelea.

Vikundi vingine vinaweza kutajwa kwa ufupi. Kuna vyama, yaani makundi ya kuweka na kukopeshana fedha kwa zamu, ambavyo karibu kila biashara ndogo ya mtaa huo ilipata mtaji wake wa kwanza kutoka kwavyo. Kuna jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa kazi yao ya kichungaji katika miaka ya 1970, na ambazo hukutana nyumbani kwa waumini na kujua mapema nani anaumwa na nani amekosa chakula. Kuna michezo: klabu ya Kariobangi Sharks, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilitwaa kombe la GOtv Shield mwaka 2018, na Julai 2019 ikaishinda Everton ya Uingereza kwa mikwaju ya penalti katika uwanja wa Kasarani, baada ya sare ya bao 1-1. Ushindi ule ulisherehekewa nchini kote, na ni haki ikumbukwe kwamba klabu ya namna ile hutokana na watu wa mtaa mmoja wanaojitolea mchana na jioni bila malipo.

Haitakuwa kweli kuieleza jamii hii kana kwamba haina ubaya. Machi 2002 zaidi ya watu 20 waliuawa Kariobangi Kaskazini katika mapambano ya magenge, na sehemu ya chanzo chake ilikuwa ushindani uliotumia majina ya makabila. Mweka hazina huweza kutoroka na fedha, chama huweza kuwatenga wageni, na katika kamati za wakazi mara nyingi wenye ploti ndio husema huku wapangaji, ambao ndio wengi, wakisikiliza. Kasoro hizi ndizo zinazofanya utambuzi rasmi kuwa wa lazima, kwa sababu kikundi kilichoandikwa, chenye katiba na hesabu zinazosomwa, hudhibitiwa na wanachama wake kwa urahisi kuliko kile kinachotegemea sauti ya mtu mmoja. Bunge la Kitaifa lilikwisha kufungua njia kwa kupitisha Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, inayohusu makundi ya kujisaidia ya aina hii hii, ila rejesta inayotokana nayo haijawa chombo cha wapangaji wa jiji.

Gharama ya kutovihesabu vikundi ilionekana wazi alfajiri ya tarehe 4 Mei 2020. Siku hiyo nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa katika eneo la Kariobangi lijulikanalo kama Sewage, kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa mali ya kampuni ya maji na majitaka ya jiji, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kusimamisha ubomoaji. Ulikuwa msimu wa mvua, kafyu ilikuwa ikiendelea, na tangu tarehe 6 Aprili mwaka huo Nairobi ilikuwa imefungwa kutokana na janga la korona, hivi kwamba hakuna aliyeruhusiwa kutoka wala kuingia. Yafaa hali hiyo ifikiriwe kwa makini. Familia yenye nyumba mbili ilibomolewa ile ya mjini katika wiki zilezile ambazo serikali ilikuwa imeifunga njia ya kwenda ile ya pili, na majirani ambao kwa kawaida wangechangishana fedha za kuwasitiri walikuwa wenyewe wametawanywa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na yanayofikika, na Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi 3 kabla ya kuwaondoa watu. Sheria hizo zingeheshimiwa kikamilifu, bado zisingetosha, kwa kuwa zinamlinda mtu na mali yake bila kulinda kile kilichowaunganisha watu.

Kuna mfano wa njia bora zaidi, nao uko ndani ya mafaili ya Kaunti yenyewe. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kuwa Eneo Maalumu la Mipango, maana yake eneo ambalo shughuli zake za ujenzi husimamishwa kwa muda ili mpango wake utungwe upya pamoja na wakazi. Wakazi wa karibu kaya 100,000 walipangwa kuanzia makundi ya nyumba kumi kumi, yaliyounganishwa kufikia makundi ya takribani kaya 100, na mashirika yaliyokuwa yakifanya kazi nao, likiwemo shirikisho la Muungano wa Wanavijiji, yalishiriki katika kukusanya maoni na takwimu. Lolote litakalosemwa kuhusu utekelezaji wake, mpango huo ulithibitisha kwamba Kaunti inaweza kuzungumza na maskini wa jiji kwa kupitia makundi yao. Kariobangi, ambayo tangu uchaguzi wa mwaka 2013 imegawanywa katika wadi mbili za maeneobunge mawili, Kariobangi Kaskazini ikiwa Embakasi Kaskazini na Kariobangi Kusini ikiwa Embakasi Magharibi, inauhitaji utaratibu huo hata zaidi, kwa kuwa vikundi vyake havifuati mpaka wa wadi.

Nje ya Afrika pia serikali zimewahi kujifunza kutoka kwa jamii ndogo. Katika nyanda za ngano za Saskatchewan nchini Kanada, ambako mashamba yametawanyika na miji ni midogo, wakulima walizoea kuungana ili kuuza nafaka yao na hata kumlipa daktari mmoja wa eneo lao. Mwaka 1946 mji wa Swift Current na vijiji vinavyouzunguka vilianzisha bima ya afya ya wakazi wote, na mwaka 1962 jimbo zima likafuata kwa sheria yake. Serikali ya jimbo ilikuta jambo linalofanyika, ikalipima, kisha ikalipa uwezo wa fedha na ulinzi wa sheria. Mweka hazina wa matanga ya Kariobangi anafanya kazi ya namna ileile.

Kwa hiyo Serikali ya Kaunti inaombwa kwanza kuagiza kwamba hakuna ramani ya ujenzi mpya, upanuzi wa barabara au usafishaji wa kingo za mito itakayoidhinishwa kwa wadi hizo mbili kabla ya vikundi vyake kuorodheshwa, pamoja na mahali vinapokutania, idadi ya wanachama na kazi vinayofanya, na orodha hiyo isomwe katika mkutano wa wazi unaowaalika wapangaji kwa jina lao kama wapangaji. Pale watu watakapohamishwa, vyumba vipya vigawiwe kwa makundi yanayojuana, kwa sababu bahati nasibu ya mtu mmoja mmoja, hata ikiendeshwa kwa haki kamili, humweka mjane ghorofa ya nane kati ya watu ambao hawajawahi kuandika jina lake. Kila jengo jipya la umma liwe na ukumbi na ua ambavyo wakazi wanavitumia bila kulipa, na ambapo hema linaweza kusimamishwa kwa siku kadhaa bila mlinzi kuliondoa. Wauza mboga, mafundi na wenye vibanda waliokuwa wakihudumia mtaa wapewe nafasi ya kwanza katika maduka ya chini, kwa kodi wanayoimudu, maana wao ndio wanaowakopesha majirani unga hadi mwisho wa mwezi.

Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti unaotumika sasa unaishia mwaka 2027, na utakaoufuata utaandaliwa kabla ya hapo. Muda huo unatosha kuwatuma maofisa wa mipango, wakiandamana na wawakilishi wa wadi, wakae jioni chache katika mikutano ya Kariobangi Kaskazini na Kusini, waombe kuonyeshwa madaftari, na wayaandike yaliyomo katika sura ya mpango huo inayohusu makazi.