MASHINE YA VUMBI IKIANGUKA, MZEMBE NI NANI?

Safari hii twaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo, nalo ni mashine ya kunyonya vumbi katika karakana ya seremala. Wenzetu wa randa na msumeno waijua sana: mota na feni juu, mfuko chini, magurudumu manne madogo, na mkono mrefu wa chuma unaobeba mpira hadi penye kazi. Mashine hii huanguka. Na kila iangukapo, neno la kwanza la msimamizi ni lile lile: uzembe wa fundi.

Hatukubali. Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne. Tuseme mashine ina kilo 40, na uzito wake umekaa katikati, sentimita 30 kutoka magurudumu ya upande wa mkono. Zidisha, wapata 1,200. Mkono nao umetokeza sentimita 150 nje ya magurudumu hayo, na nchani una kilo 8 za mpira na kofia yake. Zidisha, 1,200 vile vile. Mizani imelingana! Fundi akivuta mpira kidogo tu kufuata ubao, mashine yote yamjia. Tena feni ikianza kunyonya, mpira wenye mikunjo hufupika na kuvuta mkono hata kama hakuna aliyeugusa. Uzembe uko wapi hapo?

Dawa yake si ghali. Kipande cha reli kuukuu, ile ya ratili 80 kwa yadi, chenye urefu wa sentimita 75, kina kilo 30 hivi. Kikifungwa kwa bolti chini kabisa upande wa nyuma, sentimita 60 kutoka magurudumu ya mbele, chaongeza 1,800. Sasa ni 3,000 dhidi ya 1,200. Kisiwekwe juu karibu na mota. Huko chazidisha hatari. Lakini miguu ni bora kuliko uzito. Miguu ya chuma ikitokezwa sentimita 30 chini ya mkono, mashine yapata 2,400 na mkono wabaki na 960, wala hapana mzigo wa kusukuma. Kama mkono wazunguka, miguu iwe pande zote. Na pale mashine isipohamishwa, mkono ufungwe kwenye ukuta au boriti ya paa, mambo yaishe. Kuifunga kwa kamba kwenye meza ya kazi si dawa, ni mtego wa miguu ya watu.

Kwa nini twapiga kelele? Kwa sababu katika karakana moja mashine ilianguka mara mbili, kisha ikasukumwa pembeni na kuzimwa, na mafundi wakaranda mbao wakiwa wamejifunga vitambaa puani. Vumbi la mbao si unga wa ugali. Mwaka 1995 wachunguzi wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia waliliweka katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu, hasa ya pua. Kitambaa hakizuii vumbi lile jembamba.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke mitambo iliyo salama. Yamtaka mfanyakazi naye amwarifu msimamizi wake mara aonapo hatari iliyo karibu, na mwajiri hawezi kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wetu ndani.

Basi ndugu, msitoboe mashine ninyi wenyewe, msije mkashtakiwa kwa kuharibu mali. Pimeni urefu wa mkono, pimeni upana wa magurudumu, andikeni vipimo hivyo pamoja na tarehe kila mashine iangukapo au itakapo kuanguka. Fanyeni nakala mbili: moja apewe msimamizi, na ya pili, ikiwa na sahihi yake, ikae kwa mwakilishi wa chama karakanani hadi siku ya kikao cha kamati.