Jalada Likiharibika, Unga Hurudi Nyumbani

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na kifua kikuu. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya mawakili wa Serikali wanaoendesha kesi za madawa ya kulevya, na hasa wakubwa wao wanaowasimamia. Msishangae. Sisi wauguzi tumeona kwamba kazi yao ikilegea, vitanda vyetu hujaa.

Sisi wa Ufukoni, kuanzia Mikindani na Msanga Mkuu hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, tunaijua bahari yetu. Inatulisha, lakini pia ni njia isiyo na lango. Heroini inayopita pwani hii hailimwi kwetu. Hutoka Afghanistan, hupakiwa majahazini kwenye pwani ya Iran na Pakistan, ikateremka Afrika Mashariki mpaka Msumbiji, kisha Afrika Kusini na Ulaya. Njiani nyingine hubaki, na anayeinunua ni mtoto wa jirani. Januari 2012 zilikamatwa kilo 210 za heroini mkoani Lindi, hapo kwa ndugu zetu.

Kosa letu wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita polisi walituletea kijana aliyemeza kete. Kete moja ikipasuka tumboni, mtu aweza kufa kabla daktari hajafika. Tulikaa naye siku mbili. Kila kete iliyotoka tuliiosha, tukaihesabu, tukaiweka kwenye kopo mbele ya askari. Kijana akapona, nasi tukashukuru.

Baada ya miezi mingi, kesi ikiwa tayari mahakamani, wakili wa Serikali alikuja kutuhoji. Swali lake lilikuwa moja tu: usiku wa pili, zamu ya jioni ilipoondoka na ya usiku kuingia, kopo lilikuwa mikononi mwa nani? Tukatazamana. Askari alikuwa ametoka kwenda kula. Kopo lilikaa ndani ya kabati la dawa, na hakuna aliyeandika wala kutia sahihi. Hakuna kete iliyopotea, lakini karatasi haikuweza kulithibitisha hilo. Kesi ikaanguka. Aliyemtuma kijana hakutajwa hata siku moja. Mwaka uliofuata kijana yule alirudi wodini, safari hii akiwa na majipu ya sindano mikononi.

Mahakama haikukosea. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake kwamba kielelezo lazima kiwe na maandishi ya mfululizo: nani alikikamata, nani alikipokea, nani alikitunza, hadi kilipofika mahakamani. Ndivyo tunavyofanya sisi na dawa kali za wodini. Tulikosa kufanya hivyo usiku mmoja tu.

Kwa nini tunamtaja msimamizi

Tumejiuliza mara nyingi: laiti mtu mwenye kujua sheria angekuja siku ile ya kwanza! Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya mwaka 2008 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kuratibu upelelezi, siyo kungoja jalada mezani. Mikoani anaye Wakili wa Serikali Mfawidhi. Huyo kwa macho yetu ni kama matroni wa wodi. Matroni mzuri hangoji mgonjwa afe ndipo aulize kuhusu cheti cha vipimo. Hupita kila asubuhi, husoma kila faili, huuliza muuguzi mchanga: hapa umeandika nini, na kwa nini?

Basi tunasema hivi. Kwanza, msimamizi ahakikishe wakili anaungana na wapelelezi mapema, na kwamba polisi, hospitali na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali wanapokezana vielelezo kwa sahihi.

Pili, aulize katika kila jalada: mwenye mali yuko wapi? Sheria ya mwaka 2015, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inatoa kifungo cha maisha kwa anayesafirisha heroini zaidi ya gramu 200. Zile kilo 210 za Lindi ni zaidi ya mara 1,000 ya kipimo hicho. Mzigo wa namna hiyo si wa mvuvi mwenye ngalawa. Kumfunga mbebaji peke yake ni kushusha homa na kuacha malaria. Na mwenye mali huvuka mipaka, hivyo mawakili wetu lazima washirikiane na wenzao wa Msumbiji na kwingineko. Inawezekana. Mwaka 2017 Ali Khatib Haji Hassan, aliyejulikana kwa jina la Shkuba, alipelekwa Marekani kujibu mashtaka ya huko baada ya ombi kupita mahakamani Kisutu.

Tatu, awe na moyo wa kufuta kesi isiyo na ushahidi. Wapo watakaotukasirikia hapa, hasa wazazi waliozika watoto. Tunawaelewa, maana tuliwaosha watoto hao. Lakini kwa mzigo mkubwa dhamana haipo, na mtu aweza kukaa rumande miaka mingi. Rumande iliyosongamana ni shamba la kifua kikuu. Asiye na hatia akitoka humo anakohoa, anaileta nyumbani. Katiba, ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru na azingatie haki pamoja na maslahi ya umma. Uhuru huo ni wa kuwakatalia matajiri, na pia ni wa kukataa kelele za watu.

Na sisi je?

Wazazi, tusiwaachie mawakili peke yao. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Tusimalize mambo haya "kifamilia" kwa sababu aliyekamatwa ni mpwa wetu. Tusisifu nyumba ya bati jipya bila kujiuliza fedha imetoka wapi. Na aliyekwisha kuwa mteja wa unga tusimfukuze; ni mgonjwa, anatibika. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili inatoa methadoni, na vituo vingine vimefuata mikoani.

Wodini kwetu sasa lipo daftari maalumu. Kila kitu cha polisi kikipokelewa huandikwa saa, jina na sahihi ya anayetoa na anayepokea. Ni daftari la kawaida la shuleni. Tungalikuwa nalo usiku ule, huenda leo tungelijua jina la aliyemtuma kijana yule.