Ujira wa Mwalimu Anyamazaye

Miongoni mwa mambo yanayowataabisha wazazi wasemao Kiswahili waliohamia Marekani, wawe ni wa kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Bukavu, ni kumtafutia mtoto wa sekondari mwalimu wa tuisheni katika somo ambalo wao wenyewe hawakulisoma. La hesabu si gumu sana, kwani mzazi aliyefika kidato cha nne aweza japo kuona kama jawabu limetoka au halikutoka. Bali saikolojia ya daraja la juu, ile iitwayo AP, humkuta mzazi hana hili wala lile, na mnunuzi asiyejua bidhaa ni riziki ya kila muuzaji mwenye ulimi mtamu. Rai yangu ni kwamba mzazi huyo anayo hoja ambayo hajaitumia. Somo analolitafutia mwalimu ndilo lenyewe linalochunguza jinsi mwanadamu anavyojifunza na anavyosahau, na kwa hukumu ya somo hilo wengi wa walimu wanaojitangaza hawastahili ujira wauombao.

Mtihani wa AP husimamiwa na College Board, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1900, na saikolojia ilianza kutahiniwa humo mwaka 1992. Hufanywa kila mwezi wa Mei. Alama zake ni kutoka 1 hadi 5. Na vyuo vikuu vingi humsamehe kozi ya mwanzo ya saikolojia mwanafunzi aliyepata 3, au 4, au 5, kila chuo kwa sharti lake. Ada ya mtihani ni takriban dola 100, na familia za kipato kidogo hupunguziwa. Yote hayo wazazi aghalabu huyajua. Lisilojulikana sana ni kwamba tangu mwaka wa masomo wa 2024/2025 mtihani umegeuzwa sura. Zamani ulikuwa na mada tisa, na maswali 100 ya kuchagua yaliyojibiwa mbio mbio kwa dakika 70. Sasa mada ni tano, maswali ya kuchagua ni 75 kwa dakika 90, na baada ya hapo mtahiniwa hupewa dakika 70 za kusoma na kuandika. Katika swali la kwanza la kuandika huwekewa mbele yake muhtasari wa utafiti mmoja, akaulizwa ni njia gani iliyotumika, jambo lililochunguzwa lilipimwaje, takwimu zinasema nini, maadili ya utafiti yalichungwa vipi, na matokeo yaweza kuhesabiwa kuwa ya watu gani. Katika la pili huwekewa tafiti tatu, atoe dai lake na kulisimamisha kwa ushahidi. Sehemu hiyo ya kuandika ni theluthi moja ya alama zote. Kwa hiyo mwalimu ajaye na bunda la karatasi za mwaka 2022, zimejaa istilahi na maana zake za kukariri, anauza mtihani ambao haupo tena.

Hilo ni kosa la bidhaa kuchakaa, na dawa yake ni nyepesi. Kosa kubwa zaidi limo katika namna ya kufundisha.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake, akihifadhi silabi zisizo na maana na kujipima baada ya saa na siku kadhaa, akaona kwamba sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa hupotea mapema mno, na kwamba kurudia kwa kutenganisha siku kunadumisha zaidi kuliko kurundika yote kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, kisha baadhi wakavisoma tena, ilhali wengine waliwekewa karatasi tupu waandike walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yalipinduka, na waliojikumbusha wakawa wamehifadhi mengi zaidi. La ajabu ni kwamba waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na yakini kubwa kwamba hawatasahau.

Sasa mtazame mwalimu wa tuisheni aliye fasihi wa ulimi, afunguaye kompyuta na kueleza saa nzima kwa mifano mizuri, picha za ubongo zenye rangi, na mzaha kidogo hapa na pale. Mtoto hutikisa kichwa kwa kukubali, hutabasamu, huinuka na yakini tele. Mama, aliye chumba cha pili, hunena moyoni, Alhamdulillahi, fedha yangu haikwenda bure. Imekwenda bure. Alichokinunua ni ile yakini ya waliorudia kusoma, na mwezi Mei utaidai bei yake.

Watangazaji wa tuisheni hupenda kulitaja jina la Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Chicago aliyeandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa wastani akifundishwa peke yake huwapita takriban asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Uchunguzi uliofuata umeiona faida, lakini si kwa ukubwa huo. Na lisemwalo kwa nadra zaidi ni kwamba wanafunzi wa Bloom walitahiniwa mara kwa mara, wakasahihishwa, na hawakuachwa waivuke mada mpaka waimudu. Si kukaa karibu na mtu mwenye elimu pekee kulikowafaidi. Walikuwa wakifanyishwa kazi.

Nitoe mfano, na msomaji anistahimilie, maana hapa ndipo penye kiini. Tuseme karatasi ya mazoezi inasimulia utafiti wa kubuni: profesa amebandika tangazo chuoni kwake, wakajitokeza wanafunzi 60, akawahifadhisha orodha ya maneno, kisha kwa kurusha sarafu akawagawa, nusu wakalala usiku ule na nusu wakakesha, asubuhi waliolala wakakumbuka maneno mengi zaidi. Je, matokeo haya yaweza kuhesabiwa kuwa ya watu wote? Mtoto anaandika kwamba yaweza, kwa kuwa washiriki walipatikana kwa bahati nasibu. Mwalimu mwenye maneno mengi atamkata kauli papo hapo na kummwagia maelezo ya dakika kumi, mazuri, sahihi, yasiyobaki. Mwalimu nimtakaye mimi huuliza tu, “Ile sarafu, mwanangu, iliamua nini?” Mtoto anajibu, “Nani alale na nani akeshe.” “Na nani aliyeamua kwamba hao 60 waingie katika utafiti?” Hapo mtoto hunyamaza, na mwalimu naye anyamaze, hata kimya kikizidi na mzazi mlangoni akaanza kuihesabu dakika kwa dola, asimsaidie. Mwisho mtoto husema, “Wenyewe. Waliliona tangazo wakaja.” “Basi?” “Basi hao ni wanafunzi wa chuo kile waliopenda kuja. Bibi yangu hamo.”

Kwa maneno hayo machache mtoto amezitenga haki mbili ambazo watahiniwa wengi huzichanganya: bahati nasibu ya kuyagawa makundi humpa mtafiti haki ya kusema kwamba usingizi ndio uliosababisha, na bahati nasibu ya kuwateua watu kutoka katika umma ndiyo impayo haki ya kuusemea umma huo. Profesa wetu anayo haki ya kwanza, ya pili hana. Linalobaki ni mtoto aandike jawabu lake kwa sentensi mbili, kwa mkono wake, bila kunong’onezwa, na juma lijalo apewe utafiti mwingine wenye mtego ule ule.

Mtu wa kufundisha hivyo hupatikana wapi? Kwanza pale pale shuleni. Wazazi wetu huona haya kumwandikia mwalimu wa darasa, wakidhani kwamba kuomba msaada ni kumshitaki kuwa hakufundisha. Marekani desturi ni kinyume, na wako walimu wabakiao baada ya vipindi kuwangoja wanafunzi wasiokuja. Pili, kijana wa darasa la juu aliyepata 5 mwaka uliopita, ambaye hana shahada lakini anaukumbuka ugumu ulipokuwa, aweza kumfaa mwenzake kwa ujira mdogo. Ama maelezo matupu, hayana haja ya kununuliwa kabisa: Khan Academy hutoa masomo bure, na College Board yenyewe huwawekea wanafunzi video za kila mada. Ukimlipa mtu akurudilie yale yaliyomo humo, umenunua maji ukingoni mwa mto.

Na kuna njia ya tatu ambayo sioni ikifikiriwa vya kutosha, nayo ni mhitimu wa saikolojia wa Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, afundishaye kwa intaneti, mradi awe ameusoma mtihani mpya kwa makini kabla ya kuchukua senti ya mtu. Saa zina taabu yake: jioni ya shule ya Minneapolis ni usiku wa manane Nairobi, lakini Jumamosi saa tatu asubuhi ya kule ni saa kumi na moja jioni huku, au kumi na mbili wakati wa baridi yao, na hiyo ni saa ya heshima kwa pande zote mbili. Faida yake si unafuu wa bei peke yake. Mary Ainsworth, ambaye jina lake halikosi katika mada ya makuzi, alianza uchunguzi wake wa mapenzi ya mtoto na mama nchini Uganda katika miaka ya 1950, akiwazuru mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala na kutazama mtoto mchanga anavyomlilia mama aondokapo na kumkimbilia apatapo hofu; kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na jaribio lake mashuhuri la Baltimore, ambamo mtoto huachwa kidogo chumbani na mgeni kisha mama akarudi, lilikuja baada ya uchunguzi huo wa Uganda. Mtoto wa wazazi wa Kampala aliyeko Dallas huyakariri haya kama habari za watu wa mbali. Mwalimu wa kutoka huku angemtuma ampigie bibi yake simu, aulize ni mikono mingapi iliyombeba mama yake alipokuwa mchanga, kisha arudi na hoja yake: je, kumwacha mtoto na mgeni kwapima jambo lile lile katika nyumba yenye mama mdogo, shangazi na majirani wasiobisha hodi? Hilo ni swali la mtihani hasa, nalo kwa mtoto yule lina jawabu nyumbani.

Ama kumpima mwalimu, mzazi hahitaji kuijua saikolojia. Amuulize mtihani una mada ngapi, na akitajiwa tisa aage kwa adabu. Amwepuke aahidiye alama 5 kwa dhamana, kwani hakuna mja anayeweza kuiahidi. Aanze Septemba, saa moja kwa juma, asingoje Aprili akafanya kila siku, akikumbuka vilevile kwamba kujiandikisha kwa mtihani kwaishia Novemba. Siku ya somo akae chumba cha pili, mlango wazi, asikilize ni sauti ya nani inayotawala. Na Jumatano, jikoni, amwambie mtoto amweleze somo la Jumamosi, daftari likiwa limefungwa. Ikiwa majuma yanapita, sauti ni ya mwalimu, Jumatano haina maelezo, na makosa ya karatasi ya mwanzo yangali katika karatasi ya leo, basi ile staha yetu ya kuona aibu kumwachisha mwalimu kazi isimzuie. Amshukuru, amlipe haki yake kamili, na Jumamosi ijayo ampe mwingine.