Sketi ya Ndoa Haina Bei

Dada zetu, tukipanda hadi Mogitu, chini ya Mlima Hanang, tusitarajie hariri. Huko mwanamke wa Kibarbaig aliyeolewa hutambulika kwa sketi ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Kwao hilo si pambo tu, ni heshima ya ndoa. Kwa hiyo tusimshawishi mama atuuzie sketi yake kwa kuwa ana shida ya fedha. Nani kati yetu angefurahi kuuza kanga zake za harusi? Tununue shanga na bangili zilizotengenezwa kwa kuuzwa, wala tusibembeleze bei mpaka fundi akose hata nauli. Kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka ni ibada. Ukumbusho wa safari uwe wa halali, usiwe machozi ya mwenzetu.